Medicare na mtoto wa jicho: walicholipa, na nilichotoa mfukoni

Nina miaka 68, naishi Dallas, na miwani nimeivaa tangu ujana wangu Tanga. Nilipoingia Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi, niliuliza kama watanilipia LASIK, ile leza ya kurekebisha macho, niachane na miwani kabisa. Jibu ni hapana, na halina mjadala. Medicare ya serikali hailipii LASIK wala kipimo cha kawaida cha miwani. Kuvaa miwani kwao si ugonjwa.

Ila ugonjwa nilikuwa nao. Daktari alikuta mtoto wa jicho kulia na kushoto. Akanieleza kwamba hata ningelipia LASIK mwenyewe isingenifaa, maana leza ile huchonga kioo cha mbele cha jicho, na ukungu wangu ulikuwa kwenye lenzi ya ndani. Lenzi hiyo ikitolewa huwekwa ya bandia, tena iliyopimwa kulingana na jicho lako, kwa hiyo na uoni wa mbali hurekebishwa humo humo. Hapo sasa Medicare inafungua mfuko.

Wanachotaka kujua ni kama ukungu unakukwamisha katika shughuli zako za kila siku. Nilimwambia daktari jinsi taa za malori zinavyotawanyika machoni usiku, na kwamba maandishi ya kwenye chupa za dawa ananisomea mjukuu. Yote akayaandika. Mzee mwenzangu, usijikaze pale ukasema "naona tu, mwanangu".

Hesabu za Sehemu B, ile sehemu ya Medicare inayolipia madaktari na matibabu yasiyo ya kulazwa, kwa mwaka 2025 zilikuwa hivi: dola 257 za kwanza za mwaka zilikuwa zako, kisha wao wanalipa asilimia 80 ya bei waliyoiidhinisha, nawe unabaki na 20. Macho yangu yalifanywa kwa kupishana wiki chache ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo zile 257 nilizitoa mara moja. Mwenye Medigap, bima ya nyongeza ya kampuni binafsi, hubebewa ile 20 karibu yote. Mimi sina, nikalipa. Msishtuke bili zikija kwa mafungu: ya mpasuaji, ya kituo, na ya aliyesimamia ganzi.

Upasuaji wenyewe sina la kulalamikia. Matone ya ganzi, mwanga mkali juu, maji yanatiririka shavuni, na kabla sijamaliza dua zangu nikaambiwa tayari.

Kilichoniudhi ni kliniki. Kabla ya upasuaji unakalishwa na "mshauri wa lenzi", dada mcheshi kweli, mwenye karatasi inayong'aa. Lenzi za bei ya juu zimeandikwa kwa herufi kubwa na picha za wazee wanaocheza gofu. Ile ya kawaida, ambayo Medicare inailipia, iko chini kabisa kwa maandishi madogo kama sisimizi. Na anayepewa karatasi hiyo ana mtoto wa jicho! Lenzi ya kuona mbali na karibu kwa pamoja, au ya kunyoosha astigmatizimu (kioo cha mbele cha jicho kisicho na mviringo sawa), inaruhusiwa, lakini tofauti ya bei ni juu yako. Niliambiwa zaidi ya dola 2,000 kwa kila jicho. Wapo zinaowafaa, ila zile za mbali na karibu zinaweza kuleta duara za mwanga usiku, na mimi bado naendesha. Nikachukua ya kawaida. Ya kusomea navaa miwani. Mkiambiwa muongeze pesa kwa sababu tu mtoto wa jicho anatolewa kwa leza, kataeni: leza au kisu, Medicare inalipa kilekile, na kituo hakiruhusiwi kuwatoza ziada kwa hilo.

Medicare nawapa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu hakuna aliyenitajia kwamba baada ya upasuaji Sehemu B inasaidia kulipia miwani pia, fremu ya kawaida, alimradi duka liwe limesajiliwa na Medicare. Nililisoma mwenyewe kwenye kitabu chao.

Mliowaleta wazazi kwa kadi ya ukaazi wa kudumu, jueni kwamba mzazi asiye na rekodi ya kazi hapa lazima awe na miaka 65 na awe amekaa Marekani miaka mitano mfululizo ndipo aweze kununua Medicare. Na ukungu ukirudi miezi au miaka baada ya upasuaji, rudini kwa daktari: ni utando nyuma ya lenzi mpya, husafishwa kwa leza, na hiyo Sehemu B inailipia.