Mashine ya laki tatu na themanini na ule waya wa kijani

Mashine yangu ya kufulia ni nzuri, lakini nianze na shoti. Ilimpiga binti wa dada yangu ninayeishi naye hapa Segerea, Jumamosi ya pili tangu iingie ndani. Alikuwa peku, sakafu ya uani imelowa, akatumbukiza mkono kwenye povu atoe shati. Ukelele wake ulimfanya jirani achungulie juu ya ukuta. "Mama mkubwa, maji yananing'ata!" Nikazima ukutani, nikamwambia asiguse kitu. Mkono ulimfa ganzi kidogo, akawa mzima. Mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Sasa habari ya mashine yenyewe. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefua kwa mikono tangu nikiwa darasa la tatu, na mgongo umeshaniletea ankara yake. Wanangu wakachanga, nikaenda Kariakoo, nyuma kidogo ya mtaa wa Msimbazi. Nilichukua ya matangi mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, kilo 7. Laki tatu na themanini baada ya kuvutana kutoka laki nne na nusu, na kirikuu ya kuileta nyumbani elfu ishirini na tano.

Muuzaji alinionyesha na zile za kisasa, unabonyeza mara moja unakwenda zako. Nikamuuliza, inaingizaje maji? Akasema kwa bomba, yenyewe. Bomba lipi? Kwangu maji ya DAWASA yanakuja kwa zamu, mengine yanakaa kwenye simtanki iliyo chini, haina mnara. Mashine ya namna ile hutaka maji yenye msukumo, yakija kwa kusinzia inasimama tu. Hii yangu unaimiminia kwa ndoo. Mwenye kisima cha maji ya chumvi, mwenye kununua dumu, wote inawafaa. Tena maji ya kusuuzia mashuka unayateka unafulia matambara ya jikoni, hakuna kinachopotea.

Kufua inafua. Mashuka mawili na foronya zake, dakika kumi na tano za sabuni, kisha suuza mara mbili dakika tano tano. Kola za mashati meupe ya shule haziwezi; zisugue kwanza kwa sabuni ya mche, msidanganyike na picha ya kwenye boksi. Kanga mpya usichanganye na chochote, lakini hilo hata bibi zetu waliokuwa wakifua kwa karai walilijua. Na chandarua usitie: cha kwangu kilijisokota kwenye lile sinia linalozunguka chini, nikatumia nusu saa kukitoa.

Tangi la kukamulia ndilo lililonipa raha zaidi. Panga nguo zisielemee upande mmoja, bandika kile kifuniko cha plastiki cha ndani, vinginevyo mashine nzima itatembea uani kama mbuzi aliyekata kamba. Masika hii sare zimeanikwa saa mbili usiku barazani, asubuhi zinavalika. Ukifunua mfuniko linafunga breki, ila subirini lisimame kabisa kabla ya kuingiza mkono. Shati linalozunguka likikamata kidole halikiachii.

Umeme haili kama watu wanavyotishana. Kibandiko cha nyuma kinasema wati 360 kufua na 140 kukamua. Nimepiga hesabu, ualimu hautoki: uniti moja ya LUKU inafua kama mizigo sita. Pasi ya wati 1000 ikiwaka saa nzima bila kupumzika inaimaliza uniti hiyo hiyo peke yake. Jioni tu, mtaa mzima unapowasha na umeme ukafifia, inanguruma bila kuzunguka. Hapo zima haraka, mota isipozunguka inaungua.

Turudi kwenye shoti. Nyuma ya mashine kulikuwa na waya mwembamba wa kijani wenye mstari wa njano, unaning'inia haujaungwa popote. Nilimuuliza muuzaji siku ile ile. "Huo kata tu mama, ni wa kiwandani." Plagi yenyewe ilikuwa ya miguu miwili ya duara, na soketi zetu ni za matundu matatu. Akanionyesha dawa yake: sukuma kalamu kwenye tundu la juu, yale mawili ya chini yafunguke, chomeka. Nani kati yetu hajawahi kufanya hivyo? Nikafanya. Waya sikuukata, nashukuru uvivu wangu.

Jumatatu nikamwita fundi, kijana mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, si yule wa mtaani anayefunga pia antena na milango. Alianza na shikamoo, akamalizia na somo. Tundu la juu la soketi ni la ethi, yaani njia ya kwenda ardhini. Ndani ya mashine umeme ukivuja, kwa unyevu au waya uliochubuka, unatafuta njia ya kwenda ardhini. Ule waya wa kijani ndiyo njia iliyoandaliwa. Usipoungwa, njia inakuwa mtu aliyeshika maji huku amesimama peku. "Plagi ya miguu miwili haigusi ethi kabisa, mama. Mmeiacha mashine bila ardhi."

Nikadhani tutabadilisha plagi yaishe. Akapima soketi, kimya. Akazunguka nyuma ya nyumba kufuata waya wa ethi unaoshuka kutoka kwenye meni switchi. Umekatwa usawa wa goti! Shaba yote ya chini imekwenda, na fito, kile chuma kinachopigiliwa ardhini kuunganisha ethi, imeng'olewa. Watoto wa vyuma chakavu. Lini, Mungu ndiye ajuaye. Nyumba nimeijenga 2009 na sikuwahi kwenda kuangalia huko nyuma, kuna majani na ndoo mbovu. Maana yake friji, pasi, birika, vyote vilikuwa vikienda bila ethi, na sisi tunalala.

Hivyo kosa kubwa lilikuwa la nyumba yangu, na lawama hiyo sitaitupia mashine. Ya muuzaji ni ya kusema kata.

Fundi alipigilia fito mpya karibu na karo, kwa sababu udongo wetu ni mchanga na ukikauka haupokei umeme vizuri, ila pale haukauki. Akaunga waya wa kijani kwenye plagi ya miguu mitatu. Halafu akanishawishi niweke RCD, kifaa kinachokata umeme ukivuja. Mimi nilidhani sakiti breka zinatosha. Akanieleza kwamba breka inalinda nyaya zisiungue, na umeme unaotosha kuua mtu ni mdogo mno kwake kuushtukia. Hii nyingine inalinganisha umeme uliokwenda na uliorudi. Ukipungua miliampia 30 tu, inakata kabla hata ya nusu sekunde. Ina kitufe cha kujaribia, nakibonyeza kila mwezi siku ninayonunua LUKU.

Fito elfu thelathini, RCD elfu arobaini na tano, waya na plagi elfu kumi, ufundi elfu hamsini. Laki moja na thelathini na tano. Ongezeni kwenye bei ya mashine mnapopanga bajeti, au kwanza kaangalieni nyuma ya nyumba zenu. Wapangaji, muulizeni mwenye nyumba kabla ya kubeba mashine. Na msije mkaunga ethi kwenye bomba la maji kama nilivyoshauriwa na jirani yule yule wa ukutani. Mabomba yetu siku hizi ni plastiki.

Mashine naipa nne kwa tano, moja nimeikata kwa ajili ya plagi. Muuzaji nilimrudia. Akacheka, akaniambia wote huwaambia hivyo hivyo na hajawahi kupata lawama. Nikamuuliza aliyepigwa sawasawa angerudi vipi kulalamika. Akaenda kumhudumia mteja mwingine.

Binti wa dada yangu amerudi kufua, lakini sasa anavaa kandambili, na kabla ya kutoa nguo anazima ukutani, anachomoa plagi, kisha anakoroga maji kwa mwiko wa zamani wa ugali, akiyatazama. Nimemwacha.