Wodi ya watoto Bukavu: wauguzi wamekwenda na wakati, jengo limebaki nyuma

Nimelala katika wodi moja ya watoto hapa Bukavu mara mbili: mwaka 2008 nikiwa na kifungua mimba wangu, na mwaka 2024 nikiwa na kitinda mimba. Wote wawili waliugua malaria kali, lakini hawakutibiwa namna moja.

Mwaka 2008 dawa ya kinini ilitiririka kwenye seramu (dripu) kwa saa 4, ikarudiwa kila baada ya saa 8. Mwanangu alilia kwamba masikio yanamvuma, nami niliagizwa nimnyweshe maji ya sukari mara kwa mara, kwa kuwa dawa hiyo hushusha sukari ya damu. Safari hii mdogo wake alichomwa sindano ya artesunati, dawa nyingine ya malaria, alipofika, ya pili ikafuata saa 12 baada ya ile ya kwanza, ya tatu saa 24 baada ya ile ya kwanza, na kulipopambazuka siku ya tatu alikuwa ameketi akidai uji. Kila sindano ilikuja kwa saa yake, hata ile ya usiku wa manane. Kwa hilo nawashukuru wauguzi kwa dhati.

Majirani zetu wodini pia walikuwa wamebadilika. Zamani tulizungukwa na surua na bwaki, yaani utapiamlo mkali, na bado zipo. Siku hizi, hata hivyo, mtoto hakaguliwi homa peke yake mlangoni: anavuliwa nguo, ngozi inatazamwa hadi viganja na nyayo, kwa sababu aina mpya ya mpox (ndui ya nyani) iliyogunduliwa katika mji wa Kamituga mwaka 2023 ilifika mjini na kuwapata watoto wengi. Ukaguzi huo ulifanywa kwa upole, nyuma ya pazia.

Lawama yangu ni juu ya nafasi. Chumba cha watoto wa bwaki kimegeuzwa kuwa cha kuwatenga wanaoshukiwa kuwa na mpox, na wale wa bwaki, ambao miili yao haina nguvu ya kupigana na maradhi, wamelazwa pamoja na wanaokohoa. Mashine ya oksijeni ilikuwa moja, mpira wake umegawanywa kwa watoto wawili. Umeme ulipokatika, mama mmoja alibaki akihesabu pumzi za mwanawe hadi jenereta ilipowaka.

Jambo jingine ni watoto wenye SS, yaani ugonjwa wa selimundu. Hawa hurudi wodini mara kwa mara, wakilia kwa maumivu ya mifupa au wakihitaji damu, lakini kila wanaporudi mama huanza upya kusimulia: kundi la damu, mara ngapi ameongezewa, dawa gani humdhuru. Aliyelala kitanda cha pili kutoka kwetu alisimulia hayo kwa watu watatu usiku mmoja, mtoto akiwa mapajani.

Mwanangu akiugua tena nitampeleka palepale, kwa ajili ya wauguzi hao. Uongozi uwarudishie watoto wa bwaki chumba chao, ununue mashine ya pili ya oksijeni, na kila mtoto wa SS afunguliwe daftari lake litunzwe wodini.