Nililipa elfu moja "kufunguliwa laini" kwa simu isiyo na tundu la laini

Nianze na ile elfu moja, maana ndiyo inayonichoma. Simu yenyewe tulipatana elfu nne na mia tano, nikalipa kwa hiari yangu, hilo sidai. Lakini kijana wa kibanda, pale Luthuli, mtaa wa maduka ya simu katikati ya Nairobi, ukipanda ngazi zile zenye giza, akanitazama usoni bila kupepesa: "Mdosi, ongeza ngiri moja nikufungulie ishike laini zote." Nikaongeza. Akaingia nayo nyuma ya pazia, akakaa huko kama dakika kumi, nikasikia kicheko cha watu wawili, kisha akatoka akiifuta kwa kitambaa. Tayari, akasema. Sasa inashika laini yoyote ya Kenya.

Simu hiyo haina mahali pa kutia laini.

Nasema haina. Nimetoa betri, nimeipindua, nimemulika kwa tochi. Mke wangu amemulika. Mtoto wa darasa la sita, ambaye hufungua simu za watu wazima kwa pini, amemulika naye akaniuliza, "Baba, kwani hii ilikuwa ya kuchezea?" Hakuna tundu, hakuna kijisahani cha kuvuta, hakuna hata alama kwamba palikuwa na tundu likazibwa. Nimelipishwa kufunguliwa mlango wa nyumba isiyo na mlango. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu hakuna namna ya kuweka sufuri.

Najua mtauliza mtu mzima na akili zake anatafuta nini kwa simu kama hiyo. Ni Motorola ya kale, ile ya mfano wa tofali, antena nene kama kidole gumba, tarakimu nyekundu zinazowaka kama za saa ya mezani. Nilimnunulia Baba. Baba aliendesha gari la tajiri mmoja wa Lavington mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wenye simu za mkononi Nairobi walikuwa wa kuhesabika. Kifaa peke yake kilifika kama shilingi laki mbili na nusu. Baba husema kwa pesa hizo yeye angenunua ng'ombe mpaka akose pa kuwafunga. Kazi yake ya pili, ambayo haikuandikwa kwenye barua ya kuajiriwa, ilikuwa kubeba betri ya akiba mfukoni mwa koti. Nusu saa ya maongezi na betri imekufa, bosi ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, Baba anampa nyingine kama nesi anayempa daktari makasi. Hadithi hiyo tumeisikia kila Krismasi. Sasa amestaafu, macho yamepungua, nikasema wacha nimshangaze mzee.

Pale kibandani nilifanya kila kitu ambacho mtu mwangalifu hufanya. Niliuliza inafanya kazi? Akabonyeza kitufe, tarakimu nyekundu zikawaka. "Si unaona inawaka?" Na mtandao je? "Utakuja ukifika nyumbani, hapa mjini minara imesongamana." Sasa hivi nikiandika najiona mjinga, lakini siku hiyo maneno yake yalikaa sawa kabisa. Ukitaka kudanganywa vizuri, nenda ukiwa na furaha.

Nikafika nyumbani Umoja, nikapanda nayo mpaka kwenye paa tunapoanika nguo, nikaiwasha. Kikawaka kitaa kidogo cha kusema hakuna huduma. Nikaizungusha upande wa mjini, upande wa Kayole, nikaiinua juu kama mtu anayetafuta stesheni. Kitaa kilekile. Majirani wananitazama kati ya mashuka.

Nikarudi Luthuli wiki iliyofuata, au ile nyingine, na hapa ndipo nilipotukanwa kwa upole, ambao ni ubaya kuliko kutukanwa kwa kelele. Kijana hakukana. Alitabasamu. "Mzazi, usikasirike. Hizi ndizo zile za laini ya ndani. Hazitiwi kadi. Laini iko ndani kwa ndani, kama simu mpya za wenye pesa. Teknolojia imekuacha kidogo tu." Msichana aliyekuwa akichagua kava akacheka mpaka kava ikamponyoka. Nikaomba risiti, nikaambiwa risiti ni ya vitu vipya. Nikaomba elfu yangu ya kufungua, nikaambiwa kazi ilishafanyika, fundi ameshakula.

Kidogo tu! Nilishuka ngazi zile nikitetemeka.

Sasa kuna mzee jirani yangu, ploti ya pili, aliyefanya kazi Posta na Simu kabla shirika halijagawanywa mwaka 1999. Nilimpelekea kile kifaa nikitafuta mtu wa kukasirika pamoja naye. Akakipokea kwa mikono miwili. Akakitazama, akakinusa, naapa alikinusa, halafu nikamweleza alichosema yule kijana. Mzee akacheka mpaka akatoa miwani.

"Kijana wangu," akasema, "huyo mwizi amekwambia ukweli. Ila mwenyewe hajui."

Kumbe hizi simu za kwanza, za mtindo wa ETACS ambao Kenya ilianza nao, jamaa wa karibu wa ule waliouwasha Waingereza mwaka 1985, hazikuwa na kadi. Namba yako iliandikwa ndani ya kifaa chenyewe na fundi wa shirika. Simu ndiyo laini. Ukitaka kubadilisha simu, unarudi kwa fundi; huwezi kuchomoa kitu ukapachika kwa nyingine ukaendelea na maisha. Kwa hiyo "laini ya ndani" si uongo. Nyota mbili basi. Nimeandika mbili kwa shingo upande.

Mzee hakuishia hapo, na mimi sikutaka aishie. Unapoiwasha, akasema, simu hii husikiliza minara yote iliyo karibu na kuchagua inayosikika kwa nguvu. Mtu akikupigia, namba yako hutangazwa hewani kama jina la abiria aliyepotea kituoni, simu inaisikia, inaitika "niko hapa", inapewa njia yake ya mawimbi, ndipo inalia. Kila mazungumzo yalishika njia nzima peke yake. Ndiyo sababu watu walikuwa wachache: njia zikijaa, wewe subiri. Ujanja ulikuwa kuugawa mji vipande vidogo, kila kipande na mnara wake wa nguvu ndogo, ili njia inayotumika Karen iweze kutumika tena Kasarani bila kugongana. Mitambo ya GSM, ule mtindo wa dijitali wa simu za kadi, ilipokuja, Finland mwaka 1991 na baadaye kwetu, ikakata muda wa njia moja vipande vinane, watu wanane wanazungumza kwa zamu za haraka mno hata hakuna anayejua kwamba anangoja.

Na usalama? Mzee akatikisa kichwa. Sauti ilikwenda wazi, kama ya redio ya FM. Mwenye kifaa cha kunasia mawimbi angekaa sebuleni akasikiliza umbea wa watu. Mwaka 1992 magazeti ya Uingereza yalichapisha maongezi ya simu ya Diana yaliyonaswa kwa namna hiyo. Mabaya zaidi, kila ulipopiga, simu ilitaja hewani namba yako pamoja na namba ya siri ya kifaa chako, bila kufichwa. Mwizi akizinasa zote mbili anaziandika kwenye simu nyingine, anapiga mpaka Australia, bili inakuja kwako. Ile kadi ndogo tunayoidharau leo ndani yake mna siri isiyotamkwa hewani kamwe: mtandao unaitupia namba ya kubahatisha, kadi inapiga hesabu yake kwa ile siri, inarudisha jibu, basi. Mwizi aliyesikiliza hana cha kubeba.

Nikamuuliza, na hii yangu sasa inaweza kushika chochote? Akasema mawimbi yake yako palepale karibu na 900 MHz ambako simu zetu nyingine nazo hupita, lakini hakuna mnara tena unaoelewa lugha yake. Inabisha hodi mji mzima na ndani kumejaa watu, ila hakuna hata mmoja anayejua kwamba hiyo ni hodi. Hapo nilinyamaza kidogo. Kisha nikakumbuka kile kicheko cha nyuma ya pazia. Walikuwa wanafanya nini mle ndani dakika kumi? Walikuwa wanafungua nini? Nikarudi kwenye nyota moja.

Jumapili nikampelekea Baba hivyo hivyo, bila laini, bila mtandao, kwenye mfuko wa karatasi. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuomba radhi. Hakunipa nafasi. Alipapasa ndani ya mfuko, na kabla hata hajaitoa uso ukabadilika. Miwani ilikuwa mezani, hakuichukua. Kidole gumba kikatelemka mgongoni mwa simu, kikapata kile kishikizo, betri ikachomoka kwa mlio mmoja, akaitazama miguu yake ya shaba iliyoota kutu ya kijani, akaisugua kwa ncha ya shati lake la kanisani, akairudisha. Yote bila kutazama. Mimi nilihitaji dakika tano na kucha iliyovunjika kuitoa betri ile.

Akaiweka sikioni. "Halo. Mheshimiwa yuko mkutanoni." Mama akacheka huko jikoni.

Nikamweleza habari za yule mzee wa Posta. Nilipofika kwenye minara akanikatiza. "Tukishuka Museum Hill," akasema, "bosi akiwa anaongea, nilikuwa nasikia nikiwa hapo mbele. Sauti inafanya tk. Inapotea, kidogo hivi, halafu inarudi. Kila siku palepale. Nilidhani ni shimo la barabara linatikisa simu, nikawa nalikwepa." Miezi mingapi mzee wangu amekwepa shimo lisilokuwapo! Nilipomuuliza mzee wa Posta baadaye, alipiga goti lake kwa kofi: hiyo tk ndiyo mnara mmoja ukikabidhi maongezi kwa mwingine. Amri ya kuhama ilipita kwenye njia ileile ya sauti, kwa hiyo sauti ilikatwa punje ya sekunde amri ipite, simu ikahamia njia mpya, maongezi yakaendelea. Baba alikuwa amesikia mtandao ukifanya kazi yake na hakuna aliyemwambia.

Na mle garini bosi hakuwa akisema jambo lolote la maana, Baba anaapa. Nusu ya simu zilikuwa "niko njiani" na "unajua napigia wapi?" Lakini sitamlaumu bosi, sasa marehemu. Martin Cooper wa Motorola alipopiga simu ya kwanza ya mkononi barabarani New York, Aprili 3, 1973, alimpigia Joel Engel wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T, mpinzani wake, amringie.

Kwa hiyo niseme nini kuhusu bidhaa? Haipigi, haipokei, haina laini, na sijawahi kumpa Baba kitu alichokipenda hivi. Amelala nayo kando ya mto. Nyota tano kwa simu. Huduma ya kibandani nimeshindwa kuipima, kila nikiipandisha nasikia lile pazia. Elfu yangu naitaka bado. Kama unapanda ngazi zile, angalia nyuma ya betri kabla ya kutoa hata shilingi, na ukiambiwa habari ya kufungua, ondoka.

Tatizo ni kwamba Baba, baada ya chai, aliipindua tena ile simu, akaupapasa mfuko wa karatasi, akaupapasa na mfuko wa koti lake, akaniuliza, "Na ya akiba iko wapi?"

Nilimwambia nimeisahau nyumbani.

Jana nikapanda ngazi zile tena, uso nimeukunja kabisa. Kijana akaniona kwa mbali. "Mzazi! Karibu, kastoma wangu." Nikamwambia nataka betri, ya pili, ya simu ileile. Akainama chini ya meza, akatoa moja yenye vumbi la miaka, akaipuliza.

"Elfu mbili. Nikufungulie?"