Kozi ya upigaji picha chuoni, filamu kwanza, dijitali baadaye: maoni yangu

Niliingia kozi hii nikiwa tayari napiga picha za harusi na kulipwa. Kamera ya dijitali ilikuwa imeshanizoea mkononi. Nilichokifuata darasani ni sababu: kwa nini gauni la bibi harusi linageuka doa jeupe lisilo na mshono wala lesi, huku suti ya bwana harusi ikionekana hadi vifungo. Muhula wa kwanza ni filamu tupu, yaani kamera za mkanda, wa pili ni dijitali. Naipendekeza kwa moyo wote, na kinachoipa thamani ni huo mpangilio.

Tulianzia na Pentax K1000, kamera iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Haina otomatiki yoyote. Betri yake ni ya kipima mwanga tu, hata ikiisha, shata, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga, inaendelea kufanya kazi. Mkanda ulikuwa Ilford HP5 Plus wa picha nyeusi na nyeupe, wa ISO 400 (namba ya wepesi wake wa kuhisi mwanga), fremu 36. Mkufunzi wetu alitoa betri kwenye kamera zote na kututaka tusome mwanga kwa macho: jua likiwa kali, weka f/16, yaani tundu dogo la lenzi, na kasi ya shata iliyo karibu na namba ya ISO, yaani 1/500 ya sekunde kwa mkanda huo. Kivuli chepesi, fungua lenzi hatua moja, mwanga uingie maradufu. Wingu zito, fungua zaidi. Baada ya majuma machache unaingia ukumbini na jicho limeshataja namba kabla mkono haujagusa kamera. Ujuzi huu ninautumia kila Jumamosi.

Chumba cha giza kinastahili sifa zake. Wengi hudhani taa nyekundu huwaka muda wote. Hapana, taa hiyo ni ya wakati wa kuchapa kwenye karatasi. Mkanda wenyewe unauona wekundu pia, kwa hiyo unauzungusha kwenye rili gizani totoro, kwa kupapasa, hadi tangi la kusafishia lifungwe. Kisha dawa ya kusafishia, D-76 kwa nyuzi 20 za Selsiasi, unapindua tangi kwa utaratibu uleule kila dakika. Maji yakipata joto zaidi na muda ukabaki uleule, negativu, ile picha ya kinyume kwenye mkanda ambapo penye mwanga hutoka peusi, inatoka nzito, yaani nyeusi kupita kiasi. Nilipenda pia kwamba hewa ilikuwa inavutwa nje vizuri, na dawa ya mwisho iliyokwisha kutumika ilikusanywa kwenye madumu badala ya kumwagwa kwenye sinki, kwa sababu imebeba fedha iliyoyeyuka kutoka kwenye filamu.

Somo lililonilipa kuliko yote lilikuja mwanzoni mwa muhula wa pili. Tulipiga kitu kilekile, kitambaa cheupe kando ya koti jeusi, kwa mkanda na kwa dijitali. Negativu inavumilia mwanga uliozidi. Inachopoteza upesi ni vivuli, maana pasipofika mwanga wa kutosha filamu inabaki wazi, hakuna cha kuchapa. Sensa, kile kipokea mwanga cha kamera ya dijitali, ni kinyume chake. Pikseli, nukta moja ya picha, ikijaa mwanga, imejaa, na hakuna programu itakayorudisha lesi ambayo haikurekodiwa, hata kwenye faili la RAW, lile ghafi lisilochakatwa na kamera. Kwa hiyo kwenye mkanda unapimia vivuli, kwenye dijitali unalinda weupe kwa kuitazama histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, isigonge ukingo wa kulia. Gauni langu lilipata jibu siku hiyo.

Hata Photoshop, programu ya kuhariri picha, ilinieleweka kwa njia nyingine. Ile alama ya mkono uliokunjwa kwenye zana za kuongeza weusi ni mkono halisi: ndivyo tulivyokuwa tukiukunja chini ya mashine ya kukuzia, ile inayotupa picha ya negativu kwenye karatasi, mwanga upite kwenye tundu dogo na kuitia wino anga iliyopauka. Aliyefanya hivyo kwa karatasi hakazi zana hiyo hadi uso wa mtu uwe na mabaka.

Historia ilipitishwa haraka, nami sikulalamika. Kilichonibakia ni kamera ya Steven Sasson wa Kodak, 1975: pikseli 10,000 tu, na sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti.

Mapungufu yapo. Mashine za kukuzia ni chache mno kwa darasa lile, na kuchapa vizuri kunataka utulivu, si foleni mlangoni. Somo la kuskani negativu lilibanwa mwishoni, ilhali ndilo daraja kati ya mihula hii miwili; ningelipatia nafasi kubwa zaidi. Filamu ya rangi hatukusafisha kabisa. Naelewa, inataka dawa ya nyuzi karibu 38 bila kuyumba, lakini onyesho moja tu la mkufunzi lingetosha.

Kama unatafuta kujifunza kuhariri upesi ili uanze kazi mwezi ujao, muhula wa kwanza utakuchosha. Kama una subira, jiandikishe, na siku ratiba ya chumba cha giza inapobandikwa chagua zamu za asubuhi mapema. Dawa ni mbichi na mashine nzuri bado hazijachukuliwa.