Uzoefu wangu na treni ya Kigoma–Tabora: huduma naipenda, hofu yangu ni hela ya kuiendesha

Mi ni mfanyabiashara mdogo, natoka Mwanga hapa Kigoma mjini, napeleka dagaa na mawese Tabora na nikirudi nabeba asali na mchele, na kwa safari hiyo nikiambiwa nichague kati ya basi na treni nachagua treni bila kufikiri mara mbili. Naipa nyota nne kati ya tano. Lakini hii review sio ya kusifia tu, maana kadri navyoipenda hii treni ndo kadri navyoona haipewi hela inayostahili, na mi naona tukinyamaza itatuponyoka huku tunaangalia.

Nianze na huduma yenyewe. Daraja la tatu ndo langu, nauli yake mtu wa kipato cha chini anaimudu, na mzigo unapimwa unalipia unaandikiwa risiti, hamna mtu wa kukubadilishia bei njiani. Niliwahi kupeleka madumu ya mawese kwa basi moja, jina naliacha, konda akanipandishia hela ya mzigo tumeshatoka stendi na ningefanya nini sasa, nikalipa. Kwenye treni hiyo haijanikuta. Wahudumu wa mabehewa ni watu wastaarabu, mama mwenye mtoto anasaidiwa kupanda, mzee anatafutiwa pa kukaa.

Halafu vituo. Kazuramimba, Uvinza, Malagarasi, Nguruka, Usinge, Kaliua, Urambo, Usoke, yaani treni ikisimama Nguruka utadhani soko limehamia relini, akina mama wanakuja na wali na samaki wa Malagarasi kwenye masufuria yamefunikwa na kanga, mmoja anapokea hela dirishani huku mwanae nyuma anapakua, na wanajua kabisa treni inakaa muda gani, hakuna abiria anayeondoka bila chenji yake. Siku ya treni ndo siku yao ya kuuza. Kwa hiyo mtu akisema treni ya abiria haina faida mi namuuliza faida ya nani, maana ile hela ya wali haiingii kwenye vitabu vya reli lakini ipo na inasomesha watoto.

Sasa tatizo. Treni inaenda taratibu na hilo kila mtu anajua, ila tujue inapita wapi. Hii ni reli ya geji ya mita, yaani upana kati ya vyuma viwili ni mita moja, Wajerumani walianza kuijenga Dar 1905, wakafika Tabora 1912 na hapa mwisho wa reli wakafika 1914. Vyuma na mataruma vimebadilishwa sehemu sehemu miaka ilivyokwenda lakini njia ni ileile, na njia ya zaidi ya miaka 100 inakula hela kila msimu wa mvua. Safari moja nilikaa na mzee mmoja mstaafu wa genge la reli, yaani kikosi cha kutengeneza njia, akaniambia "mwanangu, usiangalie behewa, angalia chini, kokoto zikipungua dereva lazima apunguze mwendo hata kama injini ni mpya." Toka siku hiyo na mi huwa naangalia chini.

Na hapa ndo watu wengi hawaelewi. Mwenye basi hajengi barabara, barabara inatengenezwa na serikali na kuna mfuko wa barabara unaolishwa na tozo ya mafuta ambayo sote tunalipa. Reli yenyewe inabeba kila kitu, injini, dizeli, mabehewa, madaraja, makalvati, mishahara ya magenge, na nauli ya abiria hawawezi kupandisha tu wanavyotaka maana LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa nchi kavu, ndo inaidhinisha. Mi sitaki nauli ipande kabisa, nikiongezewa kidogo tu biashara yangu ya dagaa imekufa. Ila lazima tukubali nauli zetu haziwezi kulisha reli, treni za abiria nchi nyingi tu zinaishi kwa ruzuku au kwa faida ya mizigo. Kwetu mizigo ipo, ya Burundi na Kongo inayopita bandari ya Kigoma, shida ni kwamba ili ubebe mzigo uingize hela unahitaji injini na njia nzima, na ili upate injini na njia nzima unahitaji hela kwanza, ndo pale tulipokwama miaka yote.

Walishajaribu kutafuta mwekezaji wa kuendesha reli. Mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya hisa za kampuni ya reli na serikali ikabaki na 49, haikufika mbali, ilipofika 2011 imerudi yote serikalini. Baadae Benki ya Dunia ikatoa mkopo wa dola milioni 300 mwaka 2014 wa kukarabati njia, jambo zuri sana, ila mradi ulikuwa Dar mpaka Isaka, yaani unafika Tabora unakata kwenda kaskazini, kipande chetu cha Tabora–Kigoma hakikuwemo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Najua mtasema SGR, reli mpya ya kisasa, inakuja. Naifurahia sana, toka ianze kubeba abiria Dar–Morogoro Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata tumeona inawezekana, na mkataba wa Tabora–Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, kilomita 506 ukijumlisha njia za kupishania, kama dola bilioni 2.2. Lakini hizo ni hela za mikopo kwa sehemu kubwa na ujenzi wa reli hauishi kesho, na katikati hapo mama wa Nguruka anauzaje wali? Kuna tozo ya reli kwenye bidhaa zinazoingia nchini, ilianza mwaka wa fedha 2015/16 kwa asilimia 1.5, ombi langu ni sehemu yake inayoeleweka itengwe kwa ajili ya reli hii ya zamani magharibi ya Tabora, kokoto na mataruma kwanza, halafu mabehewa ya daraja la tatu yenye maji chooni. Wabunge wetu wa Kigoma na Tabora waliulizie hilo kwenye bajeti, kila mwaka, wasichoke.

Kwa anayetaka kusafiri: ulizia ratiba stesheni kabla hujafunga mzigo maana treni sio ya kila siku. Kama una watoto kata daraja la pili kulala na ukate mapema, zinaisha haraka hasa shule zikifunga. Mawese weka kwenye dumu lenye mfuniko wa kukaza na ulifunge na nailoni juu, dagaa kwenye kiroba sio boksi. Kama unaenda Mpanda waambie mapema wakati wa kukata tiketi, njia ya huko inachepukia Kaliua.