Kinga ya Bodi ya Printa: Kabla Hujafungua Pochi, Kagua Ethi

Umeme ulikatika na kurudi mara tatu asubuhi moja ya mvua. Mara ya tatu, printa ya leza pale steshenari kwangu iliwasha taa zote kwa pamoja, ikanyamaza moja kwa moja. Fundi alipoifungua akanionyesha bodi: pembeni ya tundu la USB kulikuwa na doa jeusi, dogo kama punje ya ulezi, na ile harufu ambayo ukishainusa mara moja huisahau. "Dada, hii haitibiki. Badilisha bodi." Bei aliyoitaja, ningeongeza kidogo tu nikanunue printa nyingine.

Kilichoniuma si bodi. Printa ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni ya kuzuia sarji, yaani mruko wa ghafla wa volti, niliyonunua kwa pesa ya maana kwa ajili ya siku kama ile. Taa yake ya kijani inawaka mpaka leo, bila hata aibu. Jibu nililipata ukutani. Soketi yangu ina matundu matatu kama zote, ila lile la juu halijaunganishwa na kitu chochote. Tulipoifungua tukakuta waya wa ethi, ule wa kuumwagia ardhini umeme uliopotea njia, umekatwa ukakunjwa nyuma kama uzi uliobaki kwenye nguo. Nikamfuata mwenye fremu, akanijibu, "Wenzako waliokutangulia hawakulalamika."

Kwa hiyo leo, nikikupangia vifaa vya kuikinga printa, sizungumzii urefu wa waya, idadi ya soketi wala rangi. Hayo macho yako yanatosha. Nazungumzia ethi, kwa sababu muuzaji hatakuuliza habari zake.

Ndani ya ekstensheni nzuri kuna vidude vya duara vinavyoitwa varista. Volti zikiruka ghafla, vinaufungulia umeme wa ziada njia ya pembeni, kati ya laini (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha), na pia kwenda kwenye ethi. Ethi isipokuwepo, njia hiyo ya pili ni barabara inayoishia ukutani. Halafu njoo kwenye kompyuta na printa zenyewe. Pawasaplai ya kompyuta ina kichujio cha kelele za umeme, chenye kapasita mbili, vidude vya kuhifadhi chaji, zinazozimwaga kelele hizo kwenye ethi. Bila ethi, kapasita hizo zinaugawa umeme wa 230V katikati, na bati la kompyuta linabaki likielea kwenye volti kama 115. Mkondo wake ni mdogo sana. Ni ile hali ya kugusa kesi ukiwa pekupeku ukahisi kitu kinakutekenya vidole. Vijana wangu walikuwa wanacheka, "kompyuta ina majini." Sasa chukua kompyuta ya namna hiyo uiunganishe na printa kwa waya wa USB: tofauti hiyo ya volti inatafuta njia kupitia bodi, kwenye saketi iliyotengenezwa kwa volti 5 kushuka chini. Punje yangu ya ulezi ilikaa pale pale.

Na jirani yangu anachomelea mageti. Akigusisha tu elektrodi kwenye chuma, printa yangu ilikuwa inatoa karatasi yenye mistari ya herufi zisizosomeka. Nilidhani ni kirusi, nikalipia programu ya kuua virusi. Haya.

Namba moja kwenye orodha yangu, basi, ni kipima soketi. Ni plagi yenye taa tatu ndogo: unachomeka, unalinganisha taa na picha zilizochapishwa juu yake, unajua kama ethi ipo. Hakikuambii kama ethi ni imara, hiyo inataka fundi mwenye mita ya ethi, lakini kikisema haipo, usinunue kingine chochote mpaka fito ya ethi ichimbiwe. Yangu ina urefu wa kama mita 1.2, ya chuma iliyopakwa shaba, na nilimwambia fundi aizamishe karibu na mfereji wa maji machafu, kwa sababu udongo ukikauka ethi inadhoofika.

Namba mbili ni AVS ya kampuni ya Sollatek, swichi inayolinda kifaa dhidi ya volti mbaya, na hapa sifichi, mimi ni shabiki wa Sollatek. Wako kazini tangu 1983, na kifaa chao kinafanya jambo moja ambalo ekstensheni haifanyi: umeme ukirudi, kinasubiri. Taa ya njano inawaka, mafriji na mapampu ya mtaa mzima yanashtuka na kutulia, ndipo inakuja ya kijani na printa yako inapata umeme. Volti zikishuka au zikipanda kupita kiasi, kinakata chenyewe. Chukua ya 13A. Ile ndogo ya friji usiibebeshe printa ya leza, kwa sababu hita yake ikianza kuvuta hata taa za dukani zinafifia.

UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, naiweka ya tatu, kwa printa za wino tu. Printa ya tangi kama Epson L3250 inakula wati zisizofika 20 ikichapa, kwa hiyo hata APC ndogo ya 650VA inaibeba bila jasho. Leza usiichomeke upande wa betri. Watengenezaji wa UPS wenyewe wanakataza.

Ekstensheni ya varista inafuata, kama ethi ipo na kama kwenye lebo kuna idadi ya jouli, yaani kipimo cha nishati inayoweza kumeza. Varista zinachakaa kila zinapopigwa, kwa hiyo ya zamani ni ekstensheni ya kawaida iliyochangamka. Stabilaiza ya relei, ile inayolia kta-kta usiku kucha, inarekebisha volti polepole. Mruko umeshapita zamani. Za bei poa za kutandikwa chini barabarani: hapana.

Waya wa USB nao uwe mfupi, wenye lile donge jeusi la feraiti karibu na plagi. Linapunguza kelele, na bei yake si ya kuumiza.

Sasa wauzaji. Kariakoo nimeuliza AVS ile ile maduka matatu nikatajiwa bei tatu, na ya tatu ilipanda baada ya kijana kuona nimeshika funguo za gari. Funguo zenyewe za kaka yangu. Ukiuliza jouli wanakuambia "hii orijino, mama." Risiti imeandikwa chini kabisa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudi, maneno hayo yakiwa makubwa kuliko jina la bidhaa.

Kwenye duka la tatu nilikuwa na kipima soketi changu mkobani. Nikamwomba kijana nikichomeke kwenye soketi ya kaunta yake, pale anapojaribishia wateja. Tukalinganisha taa na picha, yeye na mimi. Ethi hakuna. Akakichomoa, akakigeuzageuza mkononi, akaniuliza nimekipata wapi.