Mshale wa RPM Unarukaruka? Usiing'oe Geji Bado! Smiths RVI Kwenye MGB

Karibuni tena wadau. Hebu utazameni huu mshale wa geji ya RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Gari imesimama, hakuna anayekanyaga mafuta, injini inanguruma vizuri kabisa. Mshale uko 900, mara unaruka 2,500, unaanguka sifuri, unarudi. Watu wakiona hivi wanang'oa geji nzima na kuagiza nyingine, na hilo linaniudhi kweli, kwa sababu mara nyingi geji yenyewe ni nzima!

MGB, lile gari dogo la michezo la Uingereza, mnaijua, sitairudia. Chungulieni hapa chini kwenye uso wa geji hii ya kampuni ya Smiths, kuna herufi ndogo za aina yake: RVI. Ingekuwa RVC, zile za miaka ya baadaye, ingepokea ishara kwa waya mmoja kutoka upande wa hasi wa koili, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche. RVI inasikiliza mkondo wenyewe. Huu waya mweupe unatoka kwenye swichi ya kuwashia, unakuja nyuma ya geji, unajizungusha kwenye hiki kipande cha plastiki, ndipo unaenda kwenye koili. Umeme wote wa koili unapita mgongoni mwa geji! Injini ya silinda nne inatoa cheche mbili kila mzunguko, kwa hiyo kwenye 3,000 geji inahesabu mapigo 100 kwa sekunde. Likipotea pigo, au likiingia la bandia, mshale unacheza.

Na ndiyo maana naipenda geji hii: inakupa habari za mfumo mzima wa kuwasha. Sikilizeni, hapa msiruke video. Mshale unapoanguka, sikiliza injini. Ikikwama pamoja na mshale, tatizo liko njia ya waya mweupe: swichi, viungio, koili, au platini, ile swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili cheche itoke. Injini ikiendelea bila kushtuka, acha waya mweupe, nenda kwenye waya wa kijani unaoilisha geji, waya mweusi wa athi unaounganisha geji na bodi ya gari, au kile kipande cha plastiki. Na kama mshale hauruki ila unadanganya kwa kiasi kilekile siku zote, hapo ndipo unailaumu geji, maana kapasita na rezista za ndani zinabadilika kwa uzee.

Sasa tazama. Nawasha indiketa... umeona? Mshale unapiga hatua pamoja na taa! Kwenye MGB waya za kijani zinalisha geji, indiketa, wipa na taa za breki kwa pamoja. Kutu kwenye fyuzi boksi, au athi mbovu, inafanya geji ikose umeme kila taa inapowaka. Chukua maltimita, weka kwenye volti, ncha moja kwenye mwili wa geji, nyingine kwenye nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Injini inanguruma, taa kubwa zimewashwa. Hapa inasoma 0.6. Ni nyingi mno, inatakiwa isizidi 0.1 hivi. Naunga waya wa muda kutoka kwenye mwili wa geji hadi kwenye chuma kisafi cha bodi... indiketa bado inawaka, mshale umetulia. Futi mbili za waya na kipande cha msasa! Linganisha na bei ya geji, usafirishaji na ushuru wa forodha.

Ukitoka hapo, shika hizi nati mbili za kukazwa kwa vidole. Zinabana kikuku cha chuma juu ya kile kipande cha plastiki, na kikuku hicho ni sehemu ya njia ya sumaku. Kikilegea au kikila kutu, ishara inadhoofika. Toa betri kwanza, fungua, safisha nyuso zinazogusana, kaza kwa vidole tu. Na waya urudi kwa mwelekeo uleule. MGB za kabla ya 1968 zilikuwa na athi ya chanya, yaani nguzo ya chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Aliyegeuza gari kuwa athi ya hasi lazima ageuze na mzunguko wa waya huu pamoja na nyaya za ulishaji ndani ya geji, la sivyo unahangaika bure.

Mshale ukitulia kwenye mwendo mdogo lakini ukaruka unapokanyaga, fungua distibyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi na ndimo platini zimo. Kuna kiwaya chepesi cha athi kinachounganisha sahani ya platini na mwili wa distibyuta. Vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, inavuta sahani kila unapokanyaga, kiwaya kinapinda, nyuzi zinakatika moja moja ndani ya ala na kwa macho kinaonekana kizima. Kivute taratibu, kikinyumbuka kama mpira, kimekatika. Nafasi ya platini kwenye distibyuta ya Lucas 25D4 ni 0.35 hadi 0.40 mm.

Waya za plagi za shaba tupu nazo zinatupa kelele za umeme. Tumia plagi zenye rezista, mfano NGK BPR6ES, ile R ndiyo rezista.

Waliofunga kiwashio cha elektroniki badala ya platini, najua mnanisubiri. Mkondo wake haufanani na wa platini. Mshale ukisinzia kwenye mwendo mkubwa, ongeza mzunguko mmoja wa waya kwenye kile kipande. Ukihesabu mara mbili, punguza. Ikishindikana, kuna bodi ndogo za kubadilisha RVI isome kama RVC, lakini sipendi kuifikia hiyo mapema.

Ninyi wa Datsun 240Z, gari iliyoshinda Safari Rally 1971 na tena 1973 chini ya Shekhar Mehta, geji yenu nayo ni ya kusikiliza mkondo, kwa hiyo zoezi la kusikiliza injini ni hilohilo. Video yenu inafuata wiki ijayo, na ya geji ya mafuta baada yake. Kabla hamjabonyeza kusabuskraibu, andikeni hapo chini: mshale wako ukianguka, injini inakwama au inaendelea?